Tundu ya Ishirini na Tano

Kumi na saba, kumi na nane.
Kofia ya Azzani haitaki macho, inataka hesabu:
tundu ishirini na nne kila mstari,
uzi wa kahawia, kisha wa dhahabu.
Kichwa chenyewe, kaniambia kwa simu kutoka Suhari,
ni nambari kumi na nusu.
"Usikaze, bibi. Usilegeze."

Nje Ibra inaungua. Saa nane mchana,
hata paka wa Nasra kajibanza chini ya gari.
Kiyoyozi chadondosha maji ndooni, to, to,
na mie nahesabu matone badala ya tundu.

Hebu. Kumi na saba.

Ncha ya sindano, ndogo kama ile nukta nyekundu
ya daktari wa macho kule Nizwa:
"Tazama hapa, mama, usihame."
Nikahama. Nani aitazame nukta asihame?
Nukta ikawa chunjua ya shangazi Thuwaiba,
ile ya juu ya mdomo, iliyokuwa ikicheka kabla yake;
ila hakucheka hata chembe siku mtungi ulipokata
na biriani ya arubaini bado mbichi.
Gesi! Nimemlipa Rofikuli?
Kijana wa watu, mtungi begani, jasho hadi kisigino.
Nilimfundisha neno moja tu, shikamoo,
sasa anamwamkia kila kiumbe:
watoto, mbuzi wa jirani,
juzi kaliamkia friji langu.

Shikamoo. Kushika miguu.
Baba alikuwa akiipima miguu yetu kwa uzi,
sisi sita, Wete, tumepangwa ukutani,
uzi mmoja, fundo kwa kila mtoto,
kisha huyo, Chake Chake, kununua viatu vya Idi.
Mwaka mmoja uzi ulimdondoka njiani.
Akarudi na halua, ratili tatu,
akasema miguu itakua tu, viatu vya nini.
Tukasali Idi pekupeku, midomo ikinata.

Fundo la mwisho lilikuwa langu au la Rayya?
Rayya, mbona kimya tangu Jumatano?
Jumatano, soko la wanawake, nilimwahidi ubani,
ubani, moshi,
moshi —
nimezima jiko?

Nainuka. Jiko limezimwa.
Nasimama mbele yake
kama mgeni aliyesahau jina la mwenyeji.
Narudi na mkasi ambao sikuutaka
na tende moja shavuni.

Kumi na ngapi?

Wasema ni uzee. Uzee gani?
Chuoni, nina miaka saba, nilikuwa vivi hivi:
kidole juu ya alifu, roho juu ya bati ikimfuata kunguru,
mpaka kalamu ya mwalimu iniangukie kidoleni.

Hapa maji ya falaji yana zamu.
Nusu saa kwa huyu, jiwe na tambara,
nusu saa kwa yule; kila mtende wajua wakati wake,
na wakili yupo, ana daftari, hacheki na mtu.
Kichwani mwangu wakili kalala.
Kila mtu kafungua jiwe lake,
na maji yangu yanakwenda kunywesha
migomba ya mtu nisiyemjua.

Sala ina sijida ya kusahau.
Kofia haina.

Nainua mstari mwangani, napita tundu kwa tundu
kwa ncha ya sindano, sauti juu, kama mtoto:
ishirini na tatu, ishirini na nne,
ishirini na tano.

Lete mkasi — kumbe ndio huu, ulijua.
Nauweka chini.
Nikifumua patabaki kovu, na uzi wa dhahabu ni ghali.

Ataivaa kazini, Azzani, kwenye meza yake ya hesabu.
Bosi atamwuliza jambo la maana.
Naye atamkodolea macho, kalamu hewani,
upepo mdogo ukimwingia hapo, juu ya sikio la kushoto,
ghafla ana hamu ya halua.